Bluu ya Sare: Kisa cha Kwilti Ndogo ya Rangi Moja

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi wilayani Korogwe alikuwa anatimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma Tanzania hana hiari tena ya kubaki kazini. Zawadi za kuagana zinajulikana: kitenge, saa ya ukutani, picha yake mwenyewe kwenye fremu ya dhahabu, na kamati ikichangisha vizuri, godoro au jokofu. Safari hii mwalimu mmoja wa kamati akaja na wazo lake. Kwa nini wasiende kwa fundi anayeishonea shule ile sare, awatengenezee kitambaa cha kutundika sebuleni? Kisiwe kikubwa. Na kiwe cha rangi moja tu, bluu ya sketi na kaptula, kwa kuwa ndiyo rangi aliyoitazama mstarini kila asubuhi kwa miaka yote ya kazi yake.

Fundi alikubali papo hapo. Alipojaribu na kuona mambo hayaendi, akanipigia simu. Mimi kazi yangu ni kuchora na kupanga vitambaa; cherehani naijua, ila si mbele yake. Nilichokikuta barazani kwake ndicho ninachokichambua hapa, maana wengi wanaoanza kwilti za sanaa hukwama hapohapo: mtu anachagua rangi anayoipenda, anakusanya kila alicho nacho cha rangi hiyo, anaunganisha, kisha anashangaa mbona kazi imepoa.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, kwilti ni tabaka tatu zilizoshonwa pamoja. Juu kuna uso, mara nyingi wa viraka vilivyounganishwa, katikati kitu cha kuipa unene, nyuma mgongo. Mshono unaopenya tabaka zote tatu ndio unaoitofautisha na kitambaa cha viraka tu, na ndio unaoacha mabonde na miinuko midogo inayoshika mwanga. Kwilti ya kitandani husamehewa mengi kwa sababu inaleta joto. Ya ukutani inatazamwa tu, haina pa kujificha.

Agizo

Kipimo kilikuwa sentimita 40 kwa 40, kwa sababu seremala wa fremu alikuwa na mbao zinazotosha hapo. Rangi ni ya sare. Katikati yatariziwe maneno "Hongera Mwalimu". Na kazi iwe tayari kabla shule hazijafungwa Juni. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mchoro. Kwa kamati, rangi ndiyo ilikuwa mchoro.

Doa jeusi

Jaribio la kwanza la fundi lilikuwa na miraba 64, nane kwa nane, kila mmoja sentimita tano baada ya kushonwa. Kitambaa alikitoa kwenye gunia la mabaki ya msimu wa Desemba na Januari, wakati wazazi wa wilaya nzima wanapokumbuka kwa pamoja kwamba shule zinafunguliwa. Ushonaji wake haukuwa na kasoro. Pembe zilikutana, pasi ilipita vizuri, hakuna mraba uliovutika. Ukiishika mkononi ulitaka kumpongeza. Ukiitundika na kurudi nyuma hadi barabarani, uliona doa jeusi.

Mabaki yale yote yalitoka kwenye majora mapya ya bluu ileile iliyokolea. Miraba ilikuwepo 64, ila jicho lilipewa kitu kimoja mara 64. Mshono peke yake hauchori mstari kati ya giza na giza.

Kamati ilipopita kuangalia, mwalimu mmoja mzee alikishika kitambaa kwenye kona akauliza, "Mwanangu, hii si kaniki?" Vijana wakacheka. Niliposimuliwa sikuona cha kuchekesha. Kaniki ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili hadi kikaribie weusi, na katika pwani yetu kina mambo yake. Karne ya 19 kilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake walioachwa huru walikivua wakaingia kwenye kanga zenye maua na rangi. Hadi leo waganga wana kaniki zao. Yule mzee alikuwa amesoma kazi ile vizuri kuliko sisi wote: mraba wa bluu nyeusi ukiwa peke yake ukutani hausemi sare hata kidogo. Sare ni watoto mia kadhaa juani. Kwa hiyo tatizo halikuwa la urembo tu. Kazi ilikuwa inasema jambo ambalo aliyeiagiza hakulitaka.

Rangi moja, lakini ipi?

Rangi yoyote ina mambo matatu ndani yake. Kwanza, ni ipi: bluu, nyekundu, kijani. Pili, imekolea au imepauka. Tatu, ina mwanga kiasi gani, yaani ukiitoa rangi yote ukabakiza nyeusi na nyeupe, itaangukia wapi kati ya hizo mbili. Agizo la kamati lilifunga jambo la kwanza peke yake. Mawili yaliyobaki yalikuwa wazi kabisa, na humo ndimo mchoro wote ulikuwa umelala.

Nilimwomba fundi apige picha ya ile miraba kwa simu yake, kisha aigeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Kila simu janja ya siku hizi ina uwezo huo, na hakuna kipimo rahisi kuliko hicho. Picha ilitoka kijivu kizito kila kona. Asiye na simu ya hivyo akunje macho hadi kope zikaribie kufumba. Macho yakipoteza rangi na maelezo, yanabakiza mwanga na giza.

"Basi nikanunue bluu bahari," fundi akasema. "Na ile ya mbingu. Kuna vitenge vya bluu pale sokoni."

Angefika mahali fulani kwa njia hiyo, sikatai. Ila bluu bahari ya dukani ina ukijani, na bluu ya vitenge vingi ina uzambarau. Ukizipanga na bluu ya sare unapata mkutano wa bluu za koo tofauti, kila moja ikivutia kwake. Tena kitenge kina michoro mikubwa iliyokusudiwa mwili mzima wa mtu. Ukikikata vipande vya sentimita tano, kinabaki kelele. Kubwa zaidi, tungekuwa tumeiacha sare. Mwalimu yule angetazama ukuta wake na kuona bluu, akose ile bluu yake.

Nikamuuliza fundi: sketi ya mtoto wa darasa la kwanza na ya mtoto wa darasa la sita zinafanana? Akaniangalia akitaka kujua kama namtania. "Dada, ya darasa la sita imeshapitia madada watatu."

Gunia la pili

Hapo ndipo kazi ilipofunguka, na hapo ndipo nitakaa kidogo.

Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne, lakini sare imebaki juu ya mzazi. Kwa hiyo sare hurithishwa. Hununuliwa kubwa, hukunjwa pindo refu kwa ndani, na mtoto anavyorefuka pindo linateremshwa. Inafuliwa karibu kila siku kwa sababu wengi wanayo moja, na inaanikwa juani. Fundi alitangaza barazani kwamba atakayemletea sare iliyochakaa atabadilishiwa zipu bure kwenye ile inayovaliwa. Haikuchukua muda gunia la pili likajaa.

Tuliziachanisha kwa wembe, mshono kwa mshono, bila kukata kitambaa. Kila nguo ikifunguliwa ilikuwa na ramani yake. Sketi ya marinda ndiyo iliyotupa zaidi. Rinda kamili la kulala upande mmoja hula kitambaa mara tatu: sentimita tatu zinazoonekana nje zina sentimita sita zilizofichwa chini yake. Zile tatu zimepigwa na jua miaka yote, zile sita hazijaliona. Sketi ikikunjuliwa inakuwa na mistari ya wima, myembamba iliyopauka na mipana iliyokolea, imejichora yenyewe kwa kipimo sawasawa. Hakuna mchoraji aliyeigusa.

Chini kwenye pindo kulikuwa na kingine. Pindo lililoteremshwa huacha alama tatu zikifuatana kutoka juu: bluu iliyofifia, halafu mstari mwembamba uliokaribia weupe pale kitambaa kilipokunjwa kikasuguliwa na magoti na madawati, halafu ukanda mzito wa bluu mpya uliokuwa umefichwa ndani. Sketi iliyoteremshwa mara mbili ina mistari miwili. Unaweza kuhesabu mtoto alivyorefuka.

Kwenye kaptula, palipokuwa na mfuko wa nyuma pamebaki kivuli cha mraba, bluu nzito katikati ya bluu iliyochoka.

Kitu hicho cha mwisho nilishawahi kukiona, na nilimweleza fundi nilikiona wapi. Kule Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, wanawake weusi wa familia za wakulima, wajukuu na vitukuu vya watumwa, walishona blanketi za viraka kwa nguo kuukuu za shambani: suruali za jinzi, ovaroli, mashati. Magotini na palipong'olewa mifuko, bluu ilibaki na alama kama hizo, nao hawakuzificha, wakazipanga. Mmoja wao, Missouri Pettway, alishona moja mwaka 1942 kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki. Mwaka 2002 kwilti za kijiji kile zilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, baadaye zikaenda makumbusho ya Whitney jijini New York, na watu wa sanaa wakabaki midomo wazi. Fundi alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nalo tayari: "Na wao walilipwa?" Nikamwambia hiyo habari ni ndefu na si tamu yote.

Kuhusu vitambaa vyenyewe, kuna jambo la kufahamu kabla ya kuvipanga. Sare nyingi siku hizi ni mchanganyiko wa pamba na polista. Rangi iliyo kwenye pamba kwa kawaida huachia mapema kwa jua na sabuni. Iliyozama ndani ya nyuzi za polista hung'ang'ania. Ndiyo maana sketi yenye pamba nyingi hufifia hadi bluu ya kijivu iliyo laini, nzuri sana kwa kazi hii, na yenye polista nyingi hubaki nzito miaka na miaka, ila inaota vinyweleo na kung'aa matakoni. Tuliyatenga mafungu hayo mawili. Ya polista ilikuwa hazina yetu ya giza.

Weupe ambao ni bluu

Tulipopanga vipande kwa mstari kutoka kizito hadi chepesi, tulipata mafungu manne yaliyojaa na la tano, la mwanga kabisa, halikuwa na kitu isipokuwa ile mistari myembamba ya mapindo. Bluu iliyofifia sana bado ni ya katikati. Wengi hujidanganya hapa. Ukiwa umekaa siku nzima na giza, cha katikati kinakuonekania chepesi. Weka kipande cheupe pembeni uone.

Cheupe kilikuwepo palepale: mashati. Na mashati ya shule hayakuwa meupe. Akina mama wengi wanayasuuza kwa bluu ya kufulia, ule unga unaouzwa kwenye pakiti ndogo. Unga huo ni ndugu ya rangi iliyokuwa ghali kuliko zote za wachoraji wa Ulaya, ile iliyosagwa kutoka kwenye jiwe la Badakhshan, Afghanistan, hadi miaka ya 1820 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopata njia ya kuitengeneza kiwandani, ikashuka bei mpaka ikaingia kwenye beseni la kufulia. Shati linapozeeka huingia umanjano. Chembe za bluu zinaufuta umanjano huo machoni, na nguo inaonekana nyeupe yenye ubaridi. Ukiliweka shati la aina hiyo juu ya karatasi ya daftari unaona wazi ni bluu, bluu ya mbali sana. Fungu la tano likapatikana bila kutoka nje ya sare.

Mgao

Kosa la pili linalowapata wengi, baada ya lile la kukosa mwanga, ni kugawa sawasawa: giza theluthi, kati theluthi, mwanga theluthi. Matokeo yake hakuna anayeongoza. Nilishauri giza libaki na nguvu, kwa sababu sare mpya ndiyo agizo lenyewe, na mwanga uwe haba ili utafutwe. Tuliishia na giza karibu theluthi mbili ya eneo lote, kati kama robo, na mwanga chini ya sehemu ya kumi.

Mchoro ulikuwa hivi. Mistari saba ya wima inashuka kutoka juu, upana wake hautoshani: sentimita 9, 3, 6, 3, 11, 3 na 5. Zile tatu-tatu ni nyuso za marinda, zilizofifia. Zilizobaki ni giza, na huo wa 11 ni wa kaptula iliyofifia kidogo tu, ukiwa na kivuli cha mfuko juu kidogo ya katikati. Chini, sentimita 12 za mwisho, mistari ya wima inakatwa na pindo moja la sketi lililolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, pamoja na ule mstari wake mweupe. Moja ya zile tatu-tatu tuliitoa, tukaweka shati.

Miraba tuliiacha kwa sababu ina haki sawa kila upande, na macho hayajui yaanzie wapi. Mistari ya wima ina mwelekeo. Watoto mstarini nao wamesimama wima. Hilo sikumwambia mtu, na mwalimu mkuu alipoliona mwenyewe siku ya kuagwa nilishukuru kwamba sikusema.

Jambo moja la kiufundi lilitupa giza la ziada bure. Kitambaa cha sketi kimefumwa kwa vijistari vya mshazari. Ukikata kipande kimoja kwa urefu wa jora na kingine kwa upana wake, kisha ukavilaza sambamba, vijistari vinapokea mwanga kutoka pande tofauti na unapata bluu mbili kutoka kitambaa kimoja. Mchana inaonekana kidogo tu. Jioni taa ikiwa pembeni inaonekana sana. Fundi, ambaye maisha yake yote amekatazwa kukata sketi kinyume cha jora, alifurahia kosa hilo kupita kiasi.

Rangi ya chungwa, na ubishi wa maneno

"Tukitia uzi wa chungwa kidogo, si itachangamka?" fundi aliuliza. Alikuwa sahihi. Chungwa ndiyo rangi iliyo kinyume cha bluu, na tone dogo la rangi ya kinyume huifanya rangi kuu iwake. Wachoraji wameitumia mbinu hii tangu zamani, na wauzaji wa soda pia. Lakini mbinu ikijulikana hivyo inanuka ujanja, na agizo lilisema rangi moja.

Suluhisho lilitoka ndani ya gunia. Udongo wa Usambara ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo, na ukishaingia kwenye pamba nyeupe sabuni inautoa nusu tu. Shati moja lilikuwa na alama ya udongo kwenye ukingo wa chini, rangi ya kutu, pana kama ukucha. Fundi alitaka kuikata aitupe. Tuliiacha, ikawa kwenye mstari wa shati, karibu na pindo. Ukisimama mbali huioni, unaona tu kwamba bluu iliyo jirani yake ina uhai kuliko nyingine. Ukisogea unaiona, na unajua ni nini, kama umewahi kumfulia mtoto.

Kuhusu "Hongera Mwalimu", kamati ilikuwa ngumu. Hoja yangu ilikuwa kwamba maandishi yakiingia katikati, macho yatayasoma kwanza, na baada ya kusoma yataondoka. Mistari, pindo na mfuko vyote vitakuwa karatasi ya kuandikia. Wao walisema zawadi isiyo na maneno itaonekana imesahauliwa maneno. Nawaelewa: kwetu hata kanga inasema. Tulifikia mahali pa kati. Maneno yalitariziwa kwenye kipande cha shati na kushonwa nyuma, pamoja na jina lake, jina la shule na mwaka alioanza kazi. Siku ya sherehe mshereheshaji aliigeuza na kuyasoma kwa sauti, watu wakapiga vigelegele, na kamati ikaridhika.

Ukingo mweusi

Fundi alikuwa ameshakata utepe mweusi wa kuzungushia kingo, kama anavyozungushia kola. Tulipoubana kwa pini, kitu cha ajabu kikatokea: ule weusi ukaonekana umeingia vumbi, una ukahawia, na bluu nayo ikapoteza uzito. Utepe ulikuwa mpya kabisa.

Hili lina historia nzuri. Mkemia Michel Eugène Chevreul alisimamia upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na mojawapo ya malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zilikuwa dhaifu, hasa zilipofumwa kando ya bluu. Akapima rangi, akaona haina ubaya. Udhaifu ulikuwa machoni: bluu inaisukuma rangi jirani kuelekea kinyume chake, yaani chungwa, na nyeusi yenye uchungwa huonekana imechuja. Alichapisha matokeo yake mwaka 1839, na wanaopanga rangi bado wanayategemea. Tulichokiona kwenye ule utepe ndicho alichokiona yeye.

Tuliuondoa. Kingo zikageuzwa kwa ndani na kushonewa kitambaa kwa nyuma, ili mistari ifike mwisho na kuishia hewani bila uzio.

Kushona

Hapa nitapita haraka, maana fundi hakuhitaji mwalimu. Alishona viungo kwa robo inchi badala ya nusu inchi aliyoizoea, kwani kwenye mstari wa sentimita tatu nusu inchi kila upande inakula kitambaa karibu sawa na mstari wenyewe. Katikati aliweka kipande cha blanketi jepesi la zamani. Kila mshono ulilalishwa upande wa kitambaa kizito ili kivuli chake kisionekane chini ya kile chepesi. Pasi ilipigwa kwa upande wa nyuma, na juu ya kitambaa chenye unyevu. Polista nzito ikipigwa pasi kavu usoni inang'aa, na mng'aro huo hautoki.

Uzi ndio uliotupa kazi. Mweupe ulipiga kelele, mweusi ukapotea. Ule wa bluu ya sare, wa kila siku, ulionekana kwenye maeneo yaliyofifia na kuzama kwenye giza, na hivyo ndivyo tulivyotaka. Alipiga bandi kwa mkono, mistari ya wima isiyolingana nafasi, mingi kwenye giza na michache kwenye mwanga. Kwenye bluu mpya huoni uzi, unaona mabonde. Kivuli cha kila bonde ni bluu nyingine tena, na inabadilika kadiri jua linavyozunguka dirisha.

Baada ya hapo

Sina ugomvi na matokeo isipokuwa mambo mawili. Seremala aliweka kioo. Kioo kinarudisha mwanga wa dirisha na kuyafuta mabonde yote niliyotoka kuyasifia. Na hata kama kinazuia vumbi, hakizuii jua la kutosha kuokoa rangi. Ningependa kitolewe na kwilti itundikwe ukuta usioelekea dirisha. Bluu ile haijamaliza kufifia, hasa yenye pamba, na ikiachwa juani mwanga utaienea kwilti nzima huku mgao wetu wa theluthi mbili ukilika mwaka hadi mwaka. Mwalimu mkuu anasema kioo kinaipa heshima. Ukuta ni wake.

La pili ni bei. Fundi alitoza sawa na sare mbili kamili, kwa sababu alipima kwa kitambaa kilichotumika, na kitambaa kilikuwa mabaki. Saa alizokaa na wembe hakuzihesabu. Nimemwambia, ijayo ahesabu muda kwanza na kitambaa mwisho, naye ameniambia nije nimsaidie kutaja bei hiyo mbele ya wateja wa Korogwe.

Ijayo yenyewe imeshafika. Shule ya sekondari ya jirani inataka ya kwao, kwa kijani cha sweta zao. Kwa haraka unaweza kudhani njia ni ileile, gunia la pili na wembe. Lakini sweta zile ni akriliki, uzi unaolihimili jua kiasi kwamba hutumika kutengenezea vitambaa vya kivuli vya nje, na sweta ya kidato cha nne ina kijani kilekile cha kidato cha kwanza. Tena zimefumwa kwa vitanzi, ukizikata zinafumuka. Mwanga na giza havitatoka kwenye kuchakaa safari hii. Tumeanza kuangalia upande wa ndani wa ufumaji, ambako matuta yanalala kinyume, na viwiko, ambako sweta imevutika mpaka unaona kilicho chini yake. Fundi anafikiri chini ya viwiko tuweke shati.